Miwani ya kupatwa kwa jua: ukiivaa usipoona kitu, ujue umepata yenyewe

Hii miwani nimekaa nayo muda sasa, nimeona niandike rivyu maana kila kupatwa kwa jua kukikaribia maswali ni yaleyale, ninunue ipi, kioo cha fundi welda kinafaa, si nivae tu miwani yangu nyeusi, na majibu mengine watu wanayopeana yanatisha kwa kweli. Naongelea zile za kadibodi za kukunja, zenye vipande viwili vya plastiki nyeusi mahali pa vioo, ambazo ukizishika mara ya kwanza unajisemea haka kakaratasi ndo kanilinde na jua? Ndo hako. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoikata ni ya masikio na pua, nitafika huko.

Ila kwanza niwaambie ya pea ya kwanza maana hapo ndo nilipojifunzia. Niliagiza mtandaoni kwa muuzaji ambaye simtaji, picha nzuri, maneno mengi, na kwa ndani imeandikwa ISO 12312-2, ile namba ya kiwango cha kimataifa cha miwani ya kutazamia jua, kwa herufi safi kabisa. Ikafika, nikaivaa palepale ndani ya nyumba. Nikaona taa. Nikaona dirisha, nikaona ukingo wa meza, nikamwona na mdogo wangu amekaa kwenye kochi ananicheka. Nikasema hii miwani ni bomba, inaonyesha vizuri! Jamani. Hapo ndo ningetakiwa kuitupa, na mi nikaiweka kabatini kama kitu cha maana, hadi siku mbili tatu baadaye nikaanza kusoma soma na kugundua kwamba miwani halisi ya kupatwa kwa jua ukiivaa ndani ya nyumba unatakiwa uwe kama umefunikwa kitambaa cheusi. Giza. Unyooshe mkono usiuone. Nikamwandikia yule muuzaji akanijibu eti hizo ni toleo jipya, zimeboreshwa ili mtu aone vizuri zaidi. Hela sikurudishiwa. Niliikata ile plastiki na mkasi vipande vipande ili hata mtoto akiiokota asijaribu, na hilo ndo jambo la akili pekee nililofanya na ile pea.

Sasa kwa nini iwe giza kiasi hicho, hebu tuangalie namba kidogo. Hicho kiwango cha ISO 12312-2 kilitoka mwaka 2015, na kinataka kipande cha miwani kipitishe mwanga unaoonekana usiozidi asilimia 0.0032. Yaani kwa lugha nyingine, sehemu 1 tu kati ya 31,000 hivi ndo inapita, na hiyo ni ile inayopitisha mwanga mwingi kuliko zote zinazokubalika, nyingi ni nyeusi kuliko hapo. Miwani ya jua ya kawaida ya kuvaa barabarani, hata ile nyeusi ya kujidai nayo, inapitisha kama asilimia 8 hadi 18. Fanya hesabu mwenyewe, tofauti ni mara elfu kadhaa, kwa hiyo mtu anayekwambia nitavaa mbili kwa pamoja bado hata hajaanza safari. Tena miwani nyeusi ya kawaida ina ubaya wake mwingine, giza lake linafanya mboni ifunguke zaidi, unakuwa umefungua mlango halafu umemkaribisha mwizi.

Pea ya pili nikaitafuta kwa kuanzia kwa mtengenezaji, si kwa picha. Hapa nisisitize kitu, ile namba iliyochapishwa ndani peke yake haithibitishi chochote, wino ni wino, mtu yeyote mwenye printa anaandika anachotaka. Mwaka 2017 kabla ya kupatwa kamili kwa tarehe 21 Agosti kule Marekani, soko lilijaa miwani feki zenye namba hiyohiyo ya ISO, mpaka chama cha wanaastronomia cha Marekani, AAS, ikabidi kibadilishe ushauri wake, badala ya kuwaambia watu waangalie tu namba wakaanza kutoa orodha ya watengenezaji na wauzaji ambao bidhaa zao zimethibitishwa. Kwa hiyo mi nilianzia kwenye orodha, nikapata jina la mtengenezaji, ndo nikatafuta anayeuza. Inachukua dakika kumi hivi. Macho hayana duka la spea.

Ilipofika nikaifanyia mtihani. Ndani ya nyumba nikaivaa, giza totoro. Nikawasha tochi ya simu nikaisogeza karibu kabisa, nikaona kidoti kidogo hafifu, kama makaa yanayozimika. Nikatoka nje, niko nimeinamisha kichwa, nikainua uso kuelekea jua, na kitu pekee duniani nilichokiona ni kiduara kimoja cha rangi ya chungwa, kimetulia, hakichomi, hakinifanyi nikunje uso. Mawingu hakuna, paa la nyumba hakuna, miti hakuna, kila kitu kimefutika. Nikaikagua pia kwa kuishika mbele ya taa kama kuna tundu au mkwaruzo, na kama plastiki imebanduka kwenye kadibodi pembeni. Safi. Ingekuwa na hata kitundu kimoja cha ncha ya sindano ilikuwa inaenda kwenye mkasi kama dada yake.

Kuhusu hiyo rangi, watu wanauliza sana. Zile za plastiki nyeusi zinaonyesha jua la chungwa au la njano, na zile zenye sura ya karatasi ya fedha kama kioo zinaonyesha jua jeupe lenye kaubluu. Zote sawa kama zimethibitishwa, ni ladha ya macho tu. Mi napenda chungwa.

Sasa hili la macho lazima nilieleze kwa sababu ndo linalowaponza watu. Ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, retina, haina mishipa ya maumivu. Haipigi kelele. Unaweza kuiunguza umesimama unatabasamu, ukaenda nyumbani, ukalala, ukaamka kesho yake kuna doa katikati ya kila unachokitazama, uso wa mtu upo ila pua huioni, mstari ulionyooka umepinda. Wengine inarudi baada ya wiki au miezi, wengine hairudi. Na watu husema mbona jua tunaliona kila siku hatupofuki, ni kweli, kwa sababu siku za kawaida jicho lenyewe linakataa, unakunja uso, unageuka, machozi. Shida ya siku ya kupatwa ni kwamba mwezi ukishafunika sehemu kubwa ya jua, ule mwanga wa jumla unapungua, jicho linakubali, unaweza kukodoa bila kuumia, lakini kile kipande kilichobaki, hata kiwe chembamba kama ukucha, kila sehemu yake inawaka kwa ukali uleule wa siku zote na inaangukia palepale kwenye retina. Mlinzi ametulizwa ila mwizi yupo kazini. Kwa hiyo asilimia 99 ya jua imefunikwa bado haimaanishi vua miwani.

Na msidhani ni ujinga wa watu wasiosoma. Isaac Newton mwenyewe alipokuwa kijana alilitazama jua kwenye kioo cha kujitazamia, tena sio moja kwa moja, na akaishia kujifungia gizani siku tatu maana ile picha ya jua ilikuwa haitoki machoni, na hata baadaye ikawa inamrudia. Newton! Kwa hiyo ukiambiwa habari ya kuangalia jua kwenye beseni la maji, kumbuka huyo bwana. Maji yanapunguza mwanga ndio, lakini si kwa kiwango kinachotosha hata kidogo.

Basi siku yenyewe. Ilikuwa kupatwa kwa sehemu, si kamili, yaani mwezi ulikuwa unapita pembeni na jua halikufunikwa lote, na hiyo maana yake ni kwamba miwani haivuliwi hata sekunde moja ukiwa umelitazama jua, mwanzo hadi mwisho. Shughuli nzima ni ya saa mbili na zaidi, msije mkafikiri ni dakika mbili mkimbilie. Mwanzo unakaa unatazama duara la chungwa na hakuna kitu, hakuna kitu, halafu upande mmoja kuna kakona kametafunwa, kadogo hivi kwamba unajiuliza ni macho yangu au ni kweli. Ni kweli. Dakika tano baadaye kila mtu anakiona.

Kitu kimoja kitawashangaza wengi, jua ni dogo. Kwenye picha za mtandaoni linajaza skrini, lakini kwenye miwani hii hakuna kukuza chochote, unaona jua kwa ukubwa wake wa kweli angani ambao ni nusu ya digrii, kidole chako kidogo ukinyoosha mkono kinalifunika na nafasi inabaki. Mdogo wangu alilalamika, ndo hilo tu? Nikamwambia ndo hilo tu, sasa tulia. Na ukitulia ndo unaanza kuona uzuri wake, ukingo wa mwezi ule, mweusi, wa duara kamili, unasogea polepole, na unajua kabisa kwamba ile sio picha, ni jiwe kubwa lenye upana wa kilomita 3,474 linapita kati yako na jua hivi sasa.

Akaniuliza swali zuri, inakuwaje mwezi mdogo vile ufunike jua. Jibu ni moja ya bahati tamu kuliko zote angani. Jua ni pana kuliko mwezi kama mara 400, na pia liko mbali kuliko mwezi kama mara 400, mwezi kilomita 384,400 kwa wastani, jua kilomita milioni 150, kwa hiyo tukiwa hapa chini vyote viwili vinaonekana karibu saizi moja. Karibu, sio sawasawa. Njia ya mwezi si duara kamili, kuna wakati uko mbali kidogo, basi ukipita katikati ya jua ukiwa mbali haulifunuki lote, namaanisha haulifuniki lote, inabaki pete ya moto kuzunguka, hiyo ndo kupatwa kwa pete. Ukiwa karibu unalifunika lote, kupatwa kamili. Na sababu haitokei kila mwezi mwandamo ni kwamba njia ya mwezi imeinama digrii 5 hivi, mara nyingi kivuli chake kinapita juu au chini ya dunia hakigusi mtu.

Turudi kwenye bidhaa. Ile nyota niliyokata. Kadibodi ni kadibodi, mikono yake ni miembamba na ukiwa umetoka jasho kidogo inalegea, inateleza puani, na miwani ya jua inayoteleza wakati umeinua uso kuangalia jua sio kero ndogo, ni hatari. Mi nilitoboa tundu kila upande nikafunga kamba ya mpira nyuma ya kichwa, kazi ya dakika moja, na mtengenezaji angeweza kuifanya mwenyewe. Kwa watoto ni mbaya zaidi, uso mdogo, miwani kubwa, pembeni kunabaki mianya na mtoto hatulii. Mtoto ni wa kusimamiwa muda wote, na kuna ujanja wa kutoboa sahani ya karatasi na kubandika miwani humo ifunike uso mzima, unafanya kazi vizuri. Kama una miwani yako ya macho usiivue, hii inavaliwa juu yake, haikai vizuri lakini inakaa.

Utaratibu nao uzoee kabla ya siku, inama au geuka, vaa, hakikisha imekaa, ndo uinue uso. Ukitaka kuvua, inama kwanza. Sio unavua huku bado umekodoa juu, nimemwona mtu mzima na akili zake akifanya hivo.

Washindani wake sasa. Kioo cha welda ndo kinachoulizwa kila mara, na jibu ni inategemea namba. Kuanzia 12 kwenda juu ndo panapoanza usalama, na 14 ndo inayopendekezwa zaidi, jua linaonekana la kijani. Tatizo ni kwamba vile vioo vya kila siku vya karakana mara nyingi ni namba 10 au 11, na fundi akikwambia hiki ni kikali usimchukulie neno, soma namba iliyoandikwa kwenye kioo. Na zile helmeti za kisasa zinazojitia giza zenyewe achana nazo kabisa, zimetengenezwa kwa cheche za kuchomelea, hazijui habari za jua. Filamu ya eksirei hapana. Kioo kilichopakwa moshi wa mshumaa hapana. Sidii hapana. Negativu za picha za zamani hapana. Hivi vyote vinapunguza mwanga unaouona huku miale usiyoiona, hasa infraredi, ikipita kama kawaida, ndo maana unahisi uko salama na hauko salama.

Kilichonitisha siku ile ni jirani mmoja aliyetoka na darubini ya macho mawili, akavaa miwani ya kadibodi kama sisi, halafu akataka kuweka darubini juu yake aone kwa ukaribu. Nilipiga kelele mpaka nikajionea aibu. Hiyo ni njia ya haraka ya kupofuka kuliko hata kutotumia kitu, maana darubini inakusanya mwanga na kuubana sehemu moja, inaunguza ile plastiki kwa muda mfupi sana na nyuma yake kuna jicho. Ukitaka darubini au kamera yenye lenzi kubwa, filta yake inakaa mbele kabisa, upande unaoelekea jua, na ni filta maalum iliyobanwa isianguke kwa upepo. Kwa simu unaweza kuweka kipande cha miwani mbele ya lenzi, picha inatoka kiduara kidogo cha chungwa, kama shilingi imedondoka gizani, usitegemee maajabu. Mi nilipiga tatu nikaacha.

Mshindani ninayemheshimu kwa dhati ni tundu. Kadibodi na sindano, basi. Unalipa jua mgongo, unaacha mwanga upite kwenye kitundu uangukie kwenye karatasi nyeupe, na pale kwenye karatasi unapata jua dogo lililomegwa vilevile kama lile la juu. Kwa kila mita moja kati ya tundu na karatasi unapata kijijua cha milimita 9 hivi, kwa hiyo usiweke karatasi karibu sana halafu ulalamike. Na muhimu, unatazama karatasi, hutazami jua kupitia tundu, nimesikia watu wanalielewa kinyume na ndo hatari. Chujio lenye matundu ya mviringo linakupa vijijua mia kwa mpigo. Ila kilichonishinda kabisa siku ile ni kivuli cha mti, nafasi kati ya majani zinafanya kazi ya matundu, na wakati jua limebaki kipande chenye umbo la mwezi mchanga tulikuta ardhi yote chini ya mti imejaa hilali ndogondogo zinatetemeka na upepo. Watu wamesimama wameangalia juu na nusu ya onyesho iko miguuni kwao.

Kuna wakati mmoja tu wa kuvua hii miwani, na sijaushuhudia mwenyewe, ni ule wa kupatwa kamili, na ni kwa aliyesimama ndani ya njia ya kivuli tu, njia ambayo mara nyingi haina upana wa hata kilomita 300. Uso wa jua ukishafunikwa wote, ile chembe ya mwisho inayong'aa kama almasi kwenye pete ikizimika, hapo unavua, na kwa kweli usipovua huoni kitu, maana korona, ule ushungi mweupe wa jua, ni hafifu mno kwa plastiki hii. Chembe ikitokea upande wa pili unavaa haraka. Kwa wanaopanga safari, tarehe 2 Agosti 2027 njia inaanzia baharini Atlantiki, inapita kusini mwa Uhispania, Moroko, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, Saudi Arabia, Yemen mpaka Somalia, na pale karibu na mji wa Luxor, Misri, giza litadumu zaidi ya dakika 6, ambazo ni nyingi sana kwa mambo haya maana kikomo chenyewe ni dakika 7 na nusu hivi. Nje ya njia hiyo utaona kwa sehemu, miwani machoni. Na ikiwa ni ya pete, hata usimame katikati ya njia, miwani machoni vilevile.

Kuhifadhi ni rahisi. Zamani nyingine ziliandikwa zitupwe baada ya miaka mitatu, lakini zilizotengenezwa kwa kiwango hiki kipya hazina mwisho ilimradi hazijakwaruzwa, hazijatoboka, hazijabanduka. Yangu iko kwenye bahasha katikati ya kitabu kinene, mbali na unyevu, na sio lazima usubiri kupatwa ndo uitumie, kuna siku jua linakuwa na madoa makubwa kiasi cha kuonekana hata kwa miwani hii bila kukuza. Juzi niliitoa nikaona kadoa kamoja keusi upande wa chini, kadogo kama nukta ya kalamu, nikafurahi nikampa mdogo wangu naye aone. Akakaa nayo kama dakika nzima, akaniambia kaka hii miwani yako imeharibika, sioni chochote. Alikuwa ameelekea kwenye mwembe.